Waliuliza, Nikasema Hakuna

Igoma, Jumamosi mchana

Minza mwanangu,

Marahaba. Naitikia kabla hujasema, maana nakujua, hata barua utaisalimia kwanza ndipo uifungue. Umetoka sasa hivi kwenda kuaga wenzako wa kwaya na umesema utarudi saa kumi, na saa kumi zako nazijua, kwa hiyo nina muda mpaka saa kumi na mbili. Nimefunga duka. Mafundi wa gereji ya jirani wameshagonga mara mbili kuuliza nani amefariki, kwa kuwa hawajawahi kuona duka la dawa la Mama Minza limefungwa siku ya Jumamosi.

Kesho unapanda basi la Biharamulo kwenda kuanza ualimu. Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na sweta sitaziandika. Una miaka ishirini na nne, na mambo hayo nimekuimbia mpaka ukawa unanimalizia sentensi. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako ili uisome leo leo. Sitaki uisome ndani ya basi halafu hasira zikupande ukiwa peke yako, mimi nikiwa huku nimekaa salama nyuma ya kaunta. Kama kuna kunigombeza, unigombeze ana kwa ana.

Mwaka juzi, uliporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, tulikuwa jikoni. Wewe ulikuwa unamenya viazi, mimi nachambua mchele. Ulikuwa unanieleza kuhusu mwanafunzi wako mmoja aliyeanguka darasani, kisha ukasema, "Mama, mimi wale madaktari wa kwanza walinipotezea miaka minne. Wangeuliza swali moja tu, wangejua." Nikaendelea kuchambua mchele. Nikakujibu kwamba madaktari wengine wana haraka.

Minza, waliuliza.

Ngoja nianzie nyuma, la sivyo hutanielewa. Mjomba wako Masanja, unayemjua kwa jina tu, alifariki akiwa na miaka kumi na sita. Ulikuwa mchana wa mvua kule kwetu Magu. Tulikuwa ndani watatu tukibangua karanga, mimi, yeye na dada yetu Milembe. Radi ikapiga karibu sana, ile ya kutikisa mabati. Mimi nikaingia chini ya meza. Masanja akaanguka kiubavu juu ya karanga, nasi tukacheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa masihara. Hakuamka tena. Mwilini hakuwa na alama hata moja ya kuungua, bati halikutoboka, na kuku waliojikunyata mlangoni walikuwa wazima. Mtu angeweza kujiuliza ni radi gani hiyo isiyounguza. Kwetu hakuna aliyejiuliza, jibu lilikuwa tayari: radi ya kutumwa. Akatajwa mzee mmoja jirani aliyekuwa amegombana na baba kwa sababu ya ng'ombe kuingia shambani. Mzee yule alihama kabla ya mavuno, na mpaka leo nikimkumbuka naona aibu.

Miaka mitano baadaye akafuata Milembe. Alikuwa na mtoto wa wiki tatu, ndiye dada yako Pendo wa Shinyanga. Jirani aliyekuja kumsaidia akaangusha sinia la vyombo mlangoni, vyombo vikalia, na Milembe akaanguka pale pale alipokuwa amesimama. Safari hii hapakuwa na radi wala wingu, lakini watu walishaamua. Tulikuwa ukoo unaotumiwa vitu.

Wewe umekulia mjini, huenda hujui uzito wa jambo hilo. Kabla ya posa, upande wa mwanaume hutuma mtu kuchunguza ukoo wa binti: kama kuna kifafa, kama kuna ukoma, kama kuna mkono wa mtu. Hawaji wakajitambulisha. Kwetu alikuja mama mmoja akijifanya anatafuta michembe ya kununua, vile viazi vitamu vya kukausha, akashinda kutwa nzima kwa majirani akionja michembe na kuuliza habari. Baba alikuwa ameshatuweka chini sote na majibu: Masanja alikufa kwa homa, Milembe alikufa kwa uzazi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilimpenda baba yako. Nikayakariri majibu yale, na nilipofika kwa wakwe niliyarudia mara nyingi mpaka nikawa siyasikii tena kama uongo.

Sasa njoo kwenye siku ile ya Busisi. Ulikuwa na miaka kumi. Ulikuwa na kifua, na kwa kuwa amoksilini inakutoa vipele nilikuanzishia erithromaisini kutoka kwenye rafu yangu mwenyewe. Ilikuwa siku ya tatu ya dawa. Tulikuwa tunaenda Geita harusini, mimi, wewe na bibi yako, mama yake baba. Enzi hizo daraja halipo, ni kivuko. Umesimama karibu na mlingoti ukiangalia maji, honi ikalia juu ya kichwa chako, ukaenda chini. Watu wakapiga kelele kwamba ni kifafa, mmoja akawasha kiberiti akakunusisha. Mimi nilikuwa nimekushika kichwa, na mbele ya macho yangu namwona Masanja juu ya karanga. Nilijua, Minza. Sikujua ni kitu gani, lakini nilijua ni kile kile.

Ulizinduka mwenyewe kabla hatujafika ng'ambo. Kesho yake tukakupeleka hospitali. Daktari alikuwa mzee mpole, hakuwa na haraka hata kidogo. Akauliza mengi, kisha akaweka kalamu chini akaniangalia. "Mama, kwenye ukoo wako, kuna mtu yeyote aliyewahi kuanguka hivi? Au kufa ghafla akiwa bado kijana?"

Bibi yako alikuwa amekaa pembeni yangu, ameshika viatu vyako mapajani. Akageuka kuniangalia.

Nikasema, "Hakuna."

Akauliza tena kwa namna nyingine, kama mtu aliyehisi jambo. "Hata ndugu aliyezama majini, au aliyekutwa amekufa kitandani?" Nikasema hakuna, sisi wote ni wazima. Akaandika. Ukaanza vidonge vya kifafa, ukavimeza miaka minne, ukasinzia darasani, watoto wakakutenga na kikombe chako. Yale machozi yote ya darasa la tano na la sita, ambayo umekuwa ukiwadai madaktari, deni lake ni langu.

Na halikuishia hapo. Ukiwa kidato cha kwanza kifua kikarudi, nikafungua kabati lile lile nikakupa dawa ile ile. Siku ya pili ile ringi ya gari wanayoigonga kama kengele ikalia karibu na dirisha la darasa lenu. Safari hiyo ulikaa chini muda mrefu. Mwalimu aliyekuleta hospitali aliniambia walikuwa wameshaanza kukuombea sala zile za mwisho. Kwa mkono wangu mara mbili. Nimeuza dawa miaka ishirini, watu wa Igoma yote wananiamini, na mtoto wangu nilikaribia kumuua kwa dozi sahihi kabisa.

Yule daktari wa pili unamkumbuka, binti mdogo wa Kihaya mwenye miwani. Alikufunga zile waya kifuani, akatoa karatasi, akaipima kwa rula, akaipima tena. Wewe ulikuwa umelala. Bibi yako hakuwepo. Akaniuliza swali lile lile, na mimi nikamwaga kila kitu: Masanja, Milembe, radi, sinia, mpaka mzee aliyehama. Hakucheka wala hakushangaa. Alivuta karatasi ya nyuma ya faili akaanza kunichorea.

Wewe ni mwalimu wa baiolojia, utanisahihisha kwa kalamu nyekundu, lakini acha nikuandikie nilivyoelewa mimi. Aliniambia seli za moyo zina milango midogo sana ukutani, wataalamu wanaiita mifereji ya ioni. Sodiamu inaingia, moyo unajikaza. Potasiamu inatoka, moyo unalegea na kujiandaa kwa pigo linalofuata. "Sasa Minza mlango wake mmoja wa potasiamu unapitisha kidogo kuliko inavyotakiwa," akasema. "Moyo wake unachelewa kujiandaa. Kelele ya ghafla ikimkuta hapo katikati, mapigo yanavurugika. Kaka yako hakutumiwa kitu, mama. Alishtuka tu."

Alishtuka tu. Nililia kwa ajili ya neno hilo kuliko nilivyolia msibani.

Nikamuuliza habari ya erithromaisini. Akasema mlango huo una nafasi pana kwa ndani, kwa hiyo dawa nyingi ambazo hazihusiani na moyo kabisa zinaenea humo na kuukwamisha: erithromaisini, kwinini, baadhi ya dawa za fangasi, na nyingine alizoziandika kwenye kile kikadi chako. Mtu mwenye mlango mzima hasikii kitu. Wewe wako ulikuwa tayari mzito, mimi nikaujazia. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba kuna wagonjwa wengine, wale ambao mapigo yao yanakimbia ovyo, madaktari huwapa dawa ya kuuziba mlango huo huo makusudi, kwa kipimo na uangalizi, ili moyo upate muda wa kutulia. Nilidhani dawa inajua inaenda kutibu nini. Kumbe inaenda pale inapoenea, iliyobaki ni kumjua mtu anayeimeza.

Nikamwambia, basi nipeni ya kuufungua. Akatabasamu kwa huruma. "Bado, mama. Watu wanaitafuta. Tuliyo nayo inauzuia moyo usipokee mshtuko kwa nguvu." Ndiyo hiyo propranolol yako ya kila siku, ambayo mimi nilikuwa naijua kama dawa ya wazee wa presha. Miaka kumi sasa hujaanguka.

Nakuandikia haya si kwa sababu umesahau. Nakuandikia kwa sababu huko unakokwenda patakuwa na duka kama langu, na nyuma ya kaunta mwanamke kama mimi. Ni mtu mwema, ana watoto, anapenda kusaidia. Utafika na kifua au homa, atakutazama atakuhurumia, atanyoosha mkono kwenye rafu kabla hujamaliza kukohoa. Hatakuuliza. Mimi siulizi, au nilikuwa siulizi. Itabidi wewe ndiye useme, na naogopa hutasema, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kutosema. Nilikwambia shuleni useme una "kizunguzungu". Nilikwambia chuoni ufiche vidonge ndani ya mkebe wa peremende. Kila mara nilijiambia nakulinda na midomo ya watu.

Mwambie mwalimu mkuu. Mwambie utakayeishi naye nyumba moja. Na yule kijana wa kwaya anayebeba kinanda huku macho yake yakiwa kwenu waimba soprano, usidhani simwoni, mwambie naye kama mambo ni ya kweli, mapema, kabla hajatuma mtu kuja Igoma kutafuta michembe. Siku ukijifungua, daktari ajue kabla. Milembe hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo.

Sasa nikueleze ya wiki hii. Jumatano nilikwenda Mkolani kwa bibi yako. Ulidhani nimekwenda kuchukua ule mkeka wako. Nilimkuta anachagua maharage, nikakaa chini, sikutaka hata maji. Nikamwambia yote, mpaka ile siku ya hospitali na viatu mapajani. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa.

Aliendelea na maharage yake. Kisha akasema, "Ya Masanja na Milembe? Mbona tuliyajua."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Yule mama wa michembe alituletea yote. Radi, sijui sinia, yote. Babu yake Minza akasema binti ni mchapakazi na ana heshima, tuchukue hivyo hivyo, Mungu yupo. Hata mume wako hatukumwambia. Tukasema ukitaka kusema utasema mwenyewe."

"Sasa siku ile kwa daktari, mama, uliniangalia nini?"

Akaacha maharage. "Nilikuwa nasubiri useme. Nilijua kuna cha kusema. Uliposema hakuna, nikajua unanificha mimi, nikaona nikikurekebisha mbele ya daktari nitakuaibisha mkwe wangu." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Tumemwumiza mtoto kwa adabu."

Tulikaa pale wawili tukilia juu ya ungo wa maharage. Miaka minne ya vidonge visivyo vyako, na pumzi uliyoikosa pale shuleni, vyote kwa ajili ya siri ambayo mimi na yeye sote tulikuwa nayo. Kila mmoja anamtunzia mwenzake heshima, na wewe umelala katikati yetu kwenye kitanda cha hospitali. Sijui nifanye nini na jambo hili. Nimelibeba tangu Jumatano na bado sijapata pa kulitua.

Baba yako nilimwambia jioni ile ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani yake ya kuchomelea, akaenda kumalizia geti la watu. Aliporudi kula aliuliza jambo moja tu: "Na wewe ulishapimwa?"

Unalijua jibu lake. Daktari yule wa miwani aliniambia siku ile ile, tena kwa msisitizo, kwamba mlango huo hukuuokota barabarani, umetoka kwa mzazi, na kwa habari za Masanja na Milembe mzazi mwenyewe ni mimi. Akasema nije wiki inayofuata. Pendo nilimpeleka mwenyewe, nikamshikia mkoba, nikasubiri mpaka kipimo chake kikatoka safi, tukamshukuru Mungu. Mimi sikupanda kitanda. Nilikuwa na wateja, nilikuwa na mzigo wa kupokea, nilikuwa na sherehe yako ya kipaimara. Wiki inayofuata yangu imedumu miaka kumi. Nilikuwa nakukagua kila asubuhi kama umemeza dawa, na wewe hukuwahi hata siku moja kunirudishia swali.

Alhamisi nikaenda. Nesi alinifunga waya zile zile, na karatasi ilipotoka sikuhitaji rula. Nimeutazama mstari wako miaka mingi, naujua. Wangu ni huo huo. Daktari, yule yule wa miwani, aliuliza ninafanya kazi wapi, nikamwambia duka langu linatazamana na gereji ambako wanagonga vyuma kutwa nzima. Akavua miwani yake, akaishika tena ile karatasi. Akasema pengine bahati, pengine mlango wangu si mzito kama wako, lakini bahati si dawa. Akaniandikia vidonge. Ni hivyo hivyo vyako.

Viko kwenye mkoba wangu tangu juzi. Sijameza hata kimoja. Nimewaambia maelfu ya watu wameze dawa zao na waache uoga, na mimi nimeitoa pakiti, nimeisoma pande zote, nimeirudisha. Naogopa, Minza. Nikimeza cha kwanza nitakuwa nimekubali kwamba ule mshtuko wa Masanja ulikuwa ndani yangu muda wote, na kwamba mimi ndiye niliyekupa. Nilikuwa tayari kukupa kila kitu changu isipokuwa hicho.

Hasira ukiwa nayo, usiizuie kwa ajili ya safari. Nigombeze leo, nigombeze na kwa simu ukifika. Ila sitaki unisamehe haraka haraka kwa sababu basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.

Kesho asubuhi, kabla hujameza chako, niite. Nitakuja na kikombe changu cha maji na pakiti yangu. Nitasema ninywe chai kwanza, nitasema nitameza nikitoka stendi, nitasema kuna mteja anagonga. Wewe kaa hapo hapo na begi lako, usiondoke mpaka umeniona nimemeza.

Mama yako